Ukitengeneza kava ya gemu kwa midoli, anza na stori sio logo

Hizi kava feki za gemu ambazo watu wanatengeneza kwa kupiga picha midoli mi nazipenda sana, ila wengi wanahangaika na kitu kisicho na maana. Jamaa anatafuta logo ya PlayStation isiyo na ukungu hata kidogo, anabandika na ile alama ya umri ya PEGI 18, alafu mdoli mwenyewe kasimama wima katikati kama kapigwa pasipoti. Sasa hapo mchezaji atafanya nini? Atamwangalia?

Kava kazi yake ni kukuonyesha humo ndani utakuwa unakimbia, unapigana au unaiba. Hata kampuni kubwa za gemu zilishaharibu, kava ya Mega Man ya Marekani ya 1987 wamechora libaba limeshika bastola wakati ndani ya gemu ni katoto ka roboti mkono wake ndo bunduki, mpaka leo watu wanaicheka.

Na sisi wa Tanga sioni kwanini tukaazime majengo ya New York. Ngamiani barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, twende mbele huko, yani stage zimeshajipanga zenyewe. Baiskeli ndo usiseme. Kwahiyo gemu yangu ya kubuni inaitwa Barabara ya Kumi na Tatu, dogo na baiskeli amepewa mzigo aufikishe kabla ya magharibi na hajui ndani kuna nini. Bunduki hamna (tumechoka na makomando jamani).

Mdoli chukua wa mitumba, ile saizi ya sentimita 15 hivi, lakini kagua magoti na viwiko, asiyekunja goti muache hata akiwa na sura nzuri vipi maana hawezi kukanyaga pedeli. Baiskeli unakunja ya waya, tairi la nyuma unalichomeka kijiti lisimame, kijiti utakuja kukifuta kwenye Snapseed, ile app ya kuhariri picha.

Kwenye kupiga ndo kuna utamu. Igeuze simu kichwa chini ili kamera iwe inakaribia kugusa mchanga, umtazame mdoli kwa chini, hapo kipande cha tofali kilichomeguka kinakuwa ukuta na kokoto zinakuwa mawe ya kumwangusha. Usimsogelee mno, ukimsogelea nyuma yake kote kunayeyuka na mtu anajua fasta kwamba hiki ni kitu kidogo, bora urudi nyuma kidogo alafu ukate picha baadae. Piga saa kumi na moja jioni jua likiwa nyuma yake, mwenzako apulize unga wa ngano kidogo pale kwenye tairi na wewe umekandamiza kitufe picha zitoke mfululizo. Unga na vumbi vinadanganya vizuri, maji hayadanganyi, tone moja linakuwa kubwa kama kichwa cha mdoli, kwahiyo bahari ya Raskazone ibaki huko mbali kwa nyuma.

Hizo alama za umri mi natengeneza yangu, PEGI ni ya Ulaya na ESRB ni ya Marekani, gemu la Ngamiani linawahusu nini? Yangu imeandikwa "Miaka 7+, mama akiruhusu".

Vipimo havina mjadala, kasha la DVD ambalo PS2 nayo ilitumia linataka karatasi ya milimita 273 kwa 183, mgongo 14, kwahiyo A4 inatosha. Jina lisomeke kwenye huo mgongo, likiwa refu kama langu punguza fonti mapema. Na ukifika steshenari msimamie kijana aprinti kwa asilimia 100, akiiachia printa ijipimie yenyewe itapunguza na kava itacheza ndani ya kasha. Akikuuliza gemu yenyewe iko wapi mwambie bado inapikwa.