Kijiti cha pedi ni cha nani?

Mashabiki wa Nintendo hupenda kusema kwamba karibu kila kilichomo kwenye pedi ya gemu kilitoka Kyoto, makao ya kampuni hiyo. Ushahidi wao si haba. Mwaka 1982 Gunpei Yokoi aliweka kitufe cha umbo la msalaba kwenye Donkey Kong ya Game & Watch, kifaa cha kukunja ambacho kingewekwa kijiti kisingefungika vizuri. Mashine yao ya Super Famicom ya 1990 ikaleta vitufe vya begani, yaani vya ukingo wa juu wa pedi. Mwaka 1996 Nintendo 64 ikaja na kijiti cha analogi, na mwaka uliofuata kikafuata kifaa cha mtetemo, Rumble Pak.

Wapinzani wao wana kalenda mkononi. Kijiti cha analogi, yaani kile kinachopima umekisukuma kiasi gani na si upande gani tu, kilikuwa kwenye Vectrex, mashine ya gemu ya Marekani, mwaka 1982. Tena ukikiachia kilirudi katikati chenyewe. Atari 5200 ya mwaka huohuo ilikuwa na chake pia, ila hicho hakikurudi, na pedi zake zilikuwa maarufu kwa kuharibika. Mtetemo je? Sega waliutia kwenye mishikio ya mashine ya pikipiki ya Moto-Cross mwaka 1976.

Kwa tarehe, basi, Nintendo wanashindwa. Lakini tarehe peke yake hainitoshi. Kijiti cha Vectrex hakikupata gemu la kukifanya kihitajike, na mashine yenyewe haikudumu sokoni. Cha Nintendo 64 kilikuja pamoja na Super Mario 64: ukikisukuma kidogo Mario ananyata, ukikisukuma hadi mwisho anatimua mbio. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Ila hoja hiyo ikishakubaliwa haiishii kwa Nintendo. Kama sifa ni ya aliyekifanya kitu kidumu, Sony nao wanadai chao: DualShock ya 1997, pedi ya PlayStation yenye vijiti viwili na mtetemo ndani yake, ndiyo sura ya pedi nyingi za sasa, ilhali pedi ya Nintendo 64 yenye mishikio mitatu haikuacha mrithi. Huwezi kuitoa Vectrex kwa kuwa haikudumu, halafu Sony wakitajwa ukakimbilia kalenda.

Na huko kudumu kwenyewe kunategemea unapima lini. Julai 1996, wiki chache baada ya Nintendo 64 kutoka Japani, Sega walitoa pedi ya mashine yao ya Saturn iliyosoma mwendo wa kijiti kwa sumaku. Mashine yao iliyofuata, Dreamcast, ikaurithi mfumo huo, kisha Sega wakaacha kutengeneza mashine. Kampuni nyingine kubwa ziliendelea na sehemu zinazosuguana, ambazo huchakaa hadi mhusika wako kwenye skrini anatembea wakati hujagusa kitu. Leo GuliKit na 8BitDo wanauza pedi za sumaku, na wanunuzi wanazisifu kama uvumbuzi mpya. Mwaka 2005 nani angewaweka Sega kwenye orodha ya washindi wa kijiti?