Msibandike Ubaoni Majibu ya Mtoto

Msichana mmoja wa Gredi ya 9 aliinua mkono katikati ya jaribio la mapendeleo ya kazi. "Mwalimu, hapa wananiuliza kama ningependa kufanya kazi maabara. Mimi maabara nimeiona kitabuni tu. Niandike nini?"

Nilimwambia aandike anavyohisi. Jibu langu hilo linanisuta mpaka leo. Aliandika hapana, na karatasi ikatoka ikisema sayansi si yake.

Tulitumia hojaji ya maswali 60 iliyojengwa juu ya nadharia ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuichapisha mwaka 1959: aina 6 za watu, aina 6 za kazi, nawe utafute panapolingana. Sina ugomvi na Holland. Lakini hojaji ya namna hii hupima mapendeleo, haipimi uwezo, na mtoto atapendaje asichowahi kukigusa?

Kilichofuata kiliniuma zaidi. Wiki hiyohiyo matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo, jina kwa jina, kila mmoja na mkondo wa masomo ya sekondari ya juu "unaomfaa": STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, Sanaa na Michezo. Hakuna mzazi aliyeombwa ruhusa, ilhali Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Kufikia Ijumaa watoto walikuwa wakiitana kwa majina ya mikondo.

Watu huniambia, "Lakini mwalimu, hiyo ni sayansi." Basi tumkumbuke Edward Strong, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetunga hojaji ya mapendeleo ya kazi kabla ya Holland. Hojaji yake ya mwaka 1927 ilikuwa ya wanaume. Ya wanawake ikaja mwaka 1933, na orodha yake ya kazi ikawa tofauti. Fomu ya wanaume ya buluu, ya wanawake ya waridi. Ziliunganishwa mwaka 1974. Kwa miaka 40 hivi msichana alipimwa kwa karatasi iliyokwisha kumwamulia kazi za kike ni zipi, na washauri waliomkabidhi karatasi hiyo waliamini wanamsaidia.

Siku hizi simpi mtoto hojaji kabla mzazi hajakubali. Matokeo namkabidhi yeye mwenyewe, tukiwa wawili, na swali langu la kwanza ni: maswali gani hukuyaelewa? Hapo ndipo mazungumzo huanza, na mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko jaribio lenyewe. Mwalimu mkuu akitaka orodha ya kugawa watoto katika mikondo, simpi. Alama za darasani anazo.

Muhula uliofuata tuliomba maabara ya shule ya upili jirani, tukalipeleka darasa zima. Tuliporudi niliwagawia maswali yaleyale upya. Yule msichana alibadilisha majibu matano. Sikumwuliza ni yapi. Alikuja kunionyesha mwenyewe, siku mbili baadaye, wakati wa mapumziko.