Ampu ya valvu au kompyuta: kuusaka mlio wa roki ya zamani Mombasa

Kila wacharaza gitaa wa Mombasa wanapokutana na mazungumzo yakafika kwenye roki ya miaka ya 1960 na 1970, ubishi ni uleule. Wapo wanaoshikilia kwamba mlio ule hautoki ila kwenye ampu (kikuza sauti cha gitaa) ya valvu, zile chupa za kioo za kukuzia mawimbi ya umeme, iliyofunguliwa sauti hadi mwisho, na kwamba programu ya kompyuta inayoiga ampu ni kivuli tu. Wapo wanaojibu kwamba programu za leo, ukizisikia ndani ya rekodi, hutazitofautisha na ampu yenyewe. Mimi niko upande wa programu. Lakini hoja inayotumiwa sana kuzitetea, ile ya kwamba zinafanana kabisa, naiona ndiyo dhaifu kuliko zote.

Hali yetu inajulikana. Ampu ya Marshall ya wati 100 hutoa mkwaruzo wake mtamu pale valvu za nguvu zinapobanwa mpaka zikashindwa kupitisha mawimbi kama yalivyoingia. Katika nyumba ya kupanga Majengo au Kisauni, ukuta mmoja na jirani, hilo halifanyiki hata kwa dakika moja. Hewa ya chumvi nayo hula soketi na swichi. Ampu iliyoletwa kutoka Marekani inataka volti 120, nasi stima yetu ni 240, kwa hiyo utafute na transfoma. Na valvu ya EL34, mojawapo ya zile za nguvu, ikifa, si kitu cha kuingia dukani Mwembe Tayari na kutoka nacho.

Wapenzi wa valvu watasema shida za upatikanaji hazibadilishi ukweli wa sauti. Ni kweli. Ila wanapodai kwamba nakala haiwezi kuwa na thamani ya kitu cha asili, historia inawakatalia. Jim Marshall na mafundi wake wa London walipotengeneza ampu ya JTM45 mwaka 1962, walinakili karibu saketi yote ya Fender Bassman, ampu ya Kimarekani iliyokusudiwa gitaa la besi. Walichobadilisha ni vipuri: transfoma za Kiingereza, valvu nyingine, spika za Celestion kwenye kasha lililozibwa nyuma. Vipuri hivyo vikaizaa sauti mpya, na vijana wa London wakaifanya ya kwao.

Tazama pia bendi ya roki ya Queen, ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mpiga gitaa wake, Brian May, alichonga gitaa lake pamoja na baba yake, shingo yake ikitoka kwenye mbao za meko ya kale. Na zile sauti zake za gitaa zinazopangana kama okestra, nyingi zilipita kwenye kiampu kidogo alichokiunda mpiga besi John Deacon kwa bodi ya saketi aliyoiokota kwenye taka. Kiampu hicho kilitumia betri ya volti 9, na ndani yake hamna valvu hata moja, ni transista tupu, vile vipuri vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu.

Kwa hiyo kunakili si tatizo, wala kukosa valvu. Tatizo, na hapa nawaunga mkono wapinzani wangu, ni kunakili kunakoishia pale alipoachia muuzaji. Mtu anafungua programu, anachagua mlio uliopangwa tayari na kuandikwa jina la gwiji fulani, anacharaza kidogo, hauridhishi, anahamia mwingine. Usiku unakwisha na hajajifunza ampu hata moja.

Dawa ni kuchagua ampu moja na kukaa nayo. Anza na spika ya ndani ya programu, maana wengi huiruka. Faili ndogo inayobeba tabia ya spika na maikrofoni iliyowekwa mbele yake ina uzito mkubwa katika mlio, pengine kuliko ampu yenyewe. Studioni, ukisogeza maikrofoni kwa sentimita chache tu kutoka katikati ya spika kwenda ukingoni, ukali unapungua na sauti inanenepa. Basi mlio ukikuchoma masikio, badilisha faili hiyo kabla hujagusa kitufe cha treble, kile cha sauti za juu.

Kisha punguza mkwaruzo. Rekodi za zamani zina mkwaruzo mdogo kuliko tunavyozikumbuka. Ukubwa ule hutokana na mkono mzito na, mara nyingi, gitaa mbili zilizorekodiwa kupiga kitu kimoja. Halafu weka kitufe cha sauti cha gitaa kwenye 10, piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja), kishushe hadi 5, piga tena. Mlio unapaswa kusafika bila kufifia. Brian May huziacha ampu zake za Vox AC30 zikiwa wazi kabisa na kuongoza kila kitu kwa kitufe hicho. Programu isiyojibu hapo, iache. Neural Amp Modeler, ambayo ni ya bure, hujibu vizuri, ingawa faili zake nyingi ni ampu iliyonaswa ikiwa katika mpangilio mmoja. Ukitaka kuzungusha vitufe kama vya ampu, zile zinazoiga saketi kipande kwa kipande zinafaa zaidi.

Malalamiko ya ucheleweshaji, yaani kwamba kompyuta hukawia kuirudisha sauti baada ya kupiga uzi, siyapi uzito. Kwa mpangilio mzuri, sauti hurudi kwenye hedifoni ndani ya takriban milisekunde 10 au pungufu, sawa na kusimama hatua chache kutoka kwenye spika.

Lipo moja ambalo upande wangu haujalijibu. Spika kubwa inaposukuma hewa, hewa hiyo hurudi kuzitikisa nyuzi, noti ikaendelea kulia, na mpigaji akabadilisha mlio kwa kugeuza bega tu. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alijenga sehemu nzima ya muziki wake juu ya jambo hilo. Hedifoni haitikisi uzi. Kwenye jukwaa la hoteli ya Nyali au Bamburi, gitaa linapoingizwa moja kwa moja kwenye mixa (mtambo wa kuchanganyia sauti) bila ampu, wasikilizaji wanapata mlio safi na mpigaji anabaki na gitaa lililonyamaza mikononi. Nyumbani na studioni nitatumia kompyuta bila kusita. Kwa jukwaa, ningebeba pia ampu ndogo ya wati 5, niiweke usawa wa kiuno nyuma yangu, hata kama haiunganishwi na mixa.