Kuishi Malindi ni Kimoja, Kuhesabiwa ni Kingine

Kifungu cha 15 cha Katiba ya Kenya kinasema mtu aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Wengi huishika hiyo saba na kulisahau neno "kihalali". Miaka ya kukaa haihesabiwi tangu siku uliyoshuka chomboni. Inaanza kuhesabiwa siku uliyopata karatasi ya kwanza, na asiyekuwa nayo anaweza kuzeeka hapa bila kuhesabiwa hata mwaka mmoja.

Kwa Mwitaliano mstaafu aliyepanga kuhamia Malindi, njia imenyooka. Pasipoti anayo, pensheni anayo. Kuna kibali cha Daraja K kwa mtu wa miaka 35 na zaidi mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, mradi asiajiriwe. Anayetaka kufungua hoteli ana Daraja G, mtaji dola 100,000. Aliyeajiriwa ana Daraja D. Mwenye kibali cha kazi kwa miaka 7, mitatu ya mwisho akiwa ndani ya nchi, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Aliyefunga ndoa na Mkenya anaweza kuuomba baada ya miaka 3, na ndoa ikifika miaka 7, Katiba inampa haki ya kusajiliwa, almuradi iwe ndoa ya kweli. Kabla ya 2010 haki hiyo ilikuwa ya mke wa kigeni wa Mkenya; dada zetu walioolewa na wageni, na Malindi hawakosekani, waume zao hawakuwa nayo.

Sina ugomvi na masharti hayo. Aliyekuja kwa hiari yake, amepanda ndege akijua anakwenda nchi ya watu, si dhuluma kumtaka afuate taratibu. Akizembea mpaka kibali kiishe, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaruhusu faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Anayeambiwa na dalali kwamba mambo "yatatengenezwa" ajue hilo mapema.

Ugumu uko kwa Mpemba, mtu wa kisiwa cha Pemba, Zanzibar. Wapemba wamevua pwani hii tangu kabla ya uhuru, na hapo zamani hawakuvuka mpaka wowote wa maana: ukanda wa maili kumi, Malindi ikiwemo, ulikuwa kwa jina milki ya Sultani wa Unguja, ukitawaliwa na Waingereza kwa niaba yake. Mtu alitoka Wete, Pemba, akatia nanga hapa chini ya bendera ile ile. Wajukuu zake wamezaliwa hapa, wakakua bila kitambulisho. Hapo ndipo maisha yanapobana. Bila kitambulisho hupati leseni ya uvuvi wala laini ya simu kwa jina lako. Nguru wako anauzwa, pesa zinaingia kwenye simu ya mwenzio, na mwenzio akikwambia mtandao unasumbua, utamshtaki wapi?

Sheria ya 2011 iliwafikiria watu wa namna hii. Kifungu chake cha 15 kilisema asiye na uraia wa nchi yoyote, ambaye ameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, achukuliwe kuwa ameishi kihalali. Bunge lilikubali, basi, kwamba miaka isiyo na karatasi inaweza kuhesabiwa. Lakini Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 12, 1964. Aliyekimbia Mapinduzi akaja Kenya alichelewa kwa mwezi mmoja au zaidi. Na dirisha lenyewe la kuomba lilikuwa la miaka 5, likiweza kuongezwa 3, kisha likafungwa.

Wanaopinga kuwasajili nao wana hoja, tena si za chuki. Wapo Wapemba wanaokuja dago: wanapiga kambi ufukweni msimu mmoja, wanavua, wanarudi kwao wakiwa na vitambulisho vya Tanzania mfukoni. Ofisa aliye dirishani atamtofautishaje huyu na aliyezaliwa hapa? Lafudhi ni moja, majina ni yale yale. Barua ya chifu hununuliwa, kila mtu anajua. Tanzania nayo haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kumsajili mtu ovyo kunaweza kumvua alichokuwa nacho. Halafu kuna ardhi. Katiba inamzuia asiye raia kumiliki zaidi ya hati ya kukodi ya miaka 99. Pwani, ambako wenyeji wengi hawana hatimiliki mpaka leo, kila raia mpya anatazamwa kama mshindani mpya.

Nazikubali hoja hizo kama sababu ya kuchunguza, si sababu ya kukataa. Msimu wa dago unajulikana, na wazee wa bandarini wanajua nani huondoka na nani ana makaburi ya wazazi hapa. Daftari la shule na kadi ya kliniki ni ushahidi mgumu kughushi kuliko barua.

Wapemba walitambuliwa kuwa jamii ya Kenya mwaka 2023 na Rais Ruto, kama Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, walivyotambuliwa baada ya kutembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016. Ni heri. Lakini tamko la rais si njia ya kisheria. Kundi lijalo litalazimika kungoja rais mwingine na uchaguzi mwingine.

Hata aliyekwisha kusajiliwa ana kazi mbele yake. Kwa Kifungu cha 14, mtoto ni raia wa kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi alikuwa raia siku mtoto huyo alipozaliwa. Nyumba moja, kwa hiyo, inaweza kuwa na mdogo aliyezaliwa baada ya baba kusajiliwa, raia wa kuzaliwa, na kaka yake ambaye lazima asajiliwe mwenyewe, kwa uraia ambao serikali inaweza kuufuta chini ya Kifungu cha 17. Wazazi wenye vyeti vipya wanafaa kuanza na huyo mkubwa.