Mpigaji wa kwaya, chukua gitaa jembamba

Kijana wa kwaya akiniuliza anunue gitaa gani, swali langu la kwanza ni hili: utalichomeka wapi? Mambo ya sauti gani anaipenda na ana shilingi ngapi mfukoni yanakuja baadaye. Kwa mpigaji wa Arusha au Moshi anayetafuta gitaa kavu (lisilo la umeme) lenye pikapu, yaani kile kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye waya, jibu huwa ni miksa ya kanisani, spika za harusi, au mkutano wa hadhara uwanjani. Kama jibu lako ni hilo, msimamo wangu ni mmoja: nunua gitaa lenye tumbo jembamba, la kampuni inayojulikana, hata kama uso wake ni wa mbao za tabaka, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja. Na atakayekwambia hilo si gitaa la kweli, mwache aendelee na safari yake.

Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umetoka kwa watu wanaopiga gitaa peke yao sebuleni. Wanakwambia utafute tumbo kubwa, uso wa mbao nzima, sauti nzito inayojaza chumba. Kwao ni ushauri mzuri kabisa. Ila mpigaji wa kwaya ya vijana pale Ngarenaro au Majengo hakai sebuleni. Amesimama na mkanda begani, kushoto kwake kuna kinanda, nyuma yake ngoma, pembeni gitaa la besi, na mbele yake waimbaji thelathini. Gitaa lake halisikiki mpaka lipite kwenye waya. Hapo mahesabu yote yanabadilika.

Tuanze na vipimo. Yamaha wana gitaa kubwa la bei nafuu, FG800, ambalo kina cha tumbo lake ni milimita 100 mpaka 118. Jembamba lao, APX600, lina milimita 80 mpaka 90. Kwa macho tofauti ni ndogo, kwa sikio ni kubwa. Hewa iliyomo ndani inapungua na besi inapungua nayo. Ukiyapiga yote mawili dukani bila kuyachomeka popote, FG800 itakuvutia na APX600 utaiona imefifia. Wengi huliacha jembamba hapo hapo na kuondoka na lile kubwa. Ninawaelewa, lakini wamelipima gitaa kwa kazi ambayo halitaifanya.

Chomeka sasa. Pikapu nyingi za magitaa ya bei hii ni za piezo, yaani kipande chembamba kinachokaa chini ya ule mfupa mweupe nyuzi zinapopandia kwenye briji, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi usoni mwa gitaa. Nyuzi zikitetemeka zinakibana na kukiachia, nacho kinatoa umeme kidogo. Hiyo ni tabia ya baadhi ya fuwele, na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waliionyesha mwaka 1880. Kwetu jambo la kushika ni kwamba pikapu ya namna hii inausikia mbano wa nyuzi kuliko inavyoisikia hewa ya tumboni. Ule utamu wa tumbo kubwa ulioulipia dukani, sehemu kubwa yake haiingii kwenye waya.

Kinachoingia vizuri sana ni mluzi. Kila aliyehudumu kwenye kanisa la kuta za tofali na paa la bati anaujua. Spika ya wapigaji imewekwa hatua mbili kutoka ulipo, fundi mitambo amepandisha sauti kwa sababu kwaya imelalamika haisikii, na uso wa gitaa lako unaipokea sauti ya spika kama ngozi ya ngoma inavyopokea kofi. Uso unatetemeka, pikapu inauchukua mtetemo ule, inaupeleka tena kwenye spika, na mzunguko unaendelea mpaka kanisa zima linageuka kumwangalia fundi mitambo. Kwenye gitaa kubwa tatizo huanzia chini, maana hewa ya tumboni hupenda kuvuma kwenye hezi 100 hivi, yaani mitetemo mia kwa sekunde, eneo lile lile ambalo gitaa la besi na ngoma kubwa wanafanyia kazi. Kwenye tumbo jembamba mvumo huo unapanda juu na kupungua nguvu. Unakuwa na nafasi ya kupandisha sauti kabla mambo hayajaharibika, na ukiongeza kifuniko cha mpira kwenye tundu la gitaa, nafasi inazidi.

Kuna jambo lingine mafundi mitambo wanalijua na wapigaji hawaambiwi. Gitaa kavu likiwa ndani ya kundi zima, kitu cha kwanza fundi anachofanya ni kulipunguza besi ili lisigombane na mpiga besi na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Anafanya sawa. Kinachobaki kwako ni ule mchakacho wa nyuzi na sauti ya kati. Sasa kuna haja gani ya kununua besi kwa bei kubwa halafu ikakatwe kila Jumapili?

Na kuna jinsi tunavyopiga. Gitaa la kwaya za huku halikai kwenye kodi (nota zinazopigwa pamoja) za karibu na kichwa cha gitaa peke yake. Tumelelewa na dansi na rumba ya Kongo, hata wale waliokulia kanisani tu. Wimbo ukichanganya, mpigaji anapanda kule juu karibu na tumbo, freti ya 12 na kuendelea (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyolazwa shingoni), anachezea nyuzi nyembamba huku watu wakirudi nyuma na leso hewani. Gitaa kubwa lisilo na mkato begani, yaani lile pengo la kupitishia mkono, linakuzuia hapo. Mkono unagonga tumbo, kidole kinafika kimechelewa. Magitaa membamba karibu yote yana mkato, na APX600 ina urefu wa nyuzi wa milimita 634 wakati FG800 ina 650, kwa hiyo nyuzi ni laini zaidi chini ya kidole na freti zimesogeleana. Kwa aliyetoka kwenye gitaa la umeme, au binti mwenye mikono midogo anayeanza, tofauti hii inamfanya amalize mazoezi bila vidole kuwaka moto. Binafsi, sababu hii peke yake ingenitosha.

Haya si mambo ya jana. Ovation ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa na Charles Kaman, mtengenezaji wa helikopta, ilileta gitaa lenye mgongo wa mviringo wa fibaglasi mwaka 1966, na ikawa miongoni mwa wa kwanza kuyapa magitaa makavu pikapu za piezo na kuyafanya yafae jukwaani. Yamaha walianza familia ya APX mwaka 1987, wakimlenga mpigaji wa jukwaani tangu mwanzo. APX600 yenyewe ilitoka mwaka 2017 kuchukua nafasi ya APX500III. Kwa hiyo ukikuta APX500 iliyotumika, usiipite. Ibanez wana AEG50, nayo ni nyembamba, ina mkato na kifaa cha kutunia (kupanga sauti za nyuzi) ndani yake. Cort wana familia ya SFX. Ninaposema bei nafuu nina maana ya gitaa ambalo ukilinunua bado unabaki upande wa chini wa milioni moja, na kwenye kundi hilo APX600 ndiyo ninayoitaja kwanza kwa yeyote anayeniuliza.

Wapinzani wangu watasema uso wa APX600 ni wa mbao za tabaka, wakati FG800 ina uso wa mbao nzima ya mti wa sprusi. Ni kweli. Mbao nzima inaitikia vizuri zaidi na wengi wanasema sauti yake inakomaa kadiri inavyopigwa. Lakini mbao nzima inataka malezi. Watengenezaji wanashauri unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 45 na 55 hivi. Gitaa la kwaya linalala kwenye stoo chini ya bati, Januari joto la Moshi linalikausha, Aprili masika inalilowesha, na katikati linasafiri juu ya magunia kwenye daladala kwenda mkesha. Uso wa mbao nzima ukiishi hivyo unaweza kupasuka au kuvimba nyuma ya briji, na sijui mafundi wangapi mjini ungewaamini na kazi ile. Mbao za tabaka zinavumilia. Kwa chombo kinachotumiwa na watu wanne wa zamu tofauti, uvumilivu nauweka juu ya utamu.

Muuzaji akikusifia mbao ya shingoni, usimlipe kwa hilo. Tangu 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia, ile inayotoa mbao za rosewood zinazopendwa shingoni, imewekewa masharti ya biashara ya kimataifa, na ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa mwaka 2019, kampuni nyingi zilishahamia mbao nyingine kwa magitaa ya bei ya chini, nazo zinafanya kazi vizuri. Mpingo wetu umo kwenye jamii hiyo hiyo. Hutaukuta kwenye gitaa la laki saba, ila nafurahi kila nikikumbuka kwamba Moshi ipo taasisi iliyoanza kuupanda tangu 1996, wakati dunia inaufahamu zaidi kama mti wa klarineti.

Sasa dukani. Kuna duka moja mjini ambalo waliniambia gitaa halichomekwi mpaka lilipiwe. Nilirudisha gitaa ukutani nikaaga. Hutanunua gitaa la kuchomeka bila kulichomeka, hata muuzaji awe mpole kiasi gani. Nenda na waya wako, ombi lako liwe amplifaya yoyote waliyonayo, hata ndogo.

Kabla ya kuchomeka, shika gitaa kama unalipiga, kandamiza uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ukandamize pale shingo inapokutana na tumbo. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Angalia katikati, freti ya sita au ya saba: nafasi kati ya uzi na freti iwe ya karatasi moja au mbili hivi. Ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele. Ikiwa haipo kabisa, imenyooka mno au imepinda nyuma. Kidogo hurekebishika kwa kuzungusha chuma cha ndani ya shingo, na ndiyo maana unapaswa kuuliza kama chuma hicho kipo na kinazunguka. Kwenye baadhi ya magitaa yasiyo na jina hakipo. Halafu pima nafasi kati ya nyuzi na freti ya 12. Milimita mbili hadi mbili na nusu ni sawa kwa mkono wa kawaida. Chukua karatasi nyembamba uijaribu nyuma ya briji. Ikiingia chini, gundi imeanza kuachia, weka gitaa chini.

Ukishachomeka, piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu sawa, polepole, sikiliza spika tu. Uzi mmoja ukiwa mnyonge kuliko wenzake, pikapu haijakaa sawa chini ya mfupa. Tingisha jeki, pale waya unapoingia kwenye gitaa, taratibu. Ikikwaruza leo, mwezi ujao itakata katikati ya wimbo. Zungusha vitufe vyote vya besi, kati na trebo (sauti kali za juu). Usikatishwe tamaa na ukali wa piezo ukipiga kwa nguvu, ni tabia yake. Punguza trebo kidogo na sauti ya kati kidogo, inatulia. Angalia pia kama kuna vifungo viwili vya mkanda, maana kufungia kamba kichwani mwa gitaa ni usumbufu ambao mtu anayesimama saa tatu hastahili.

Kati ya gitaa jipya lisilo na jina na la Yamaha au Ibanez lililotumika kwa bei hiyo hiyo, chukua lililotumika. Arusha na Moshi zimejaa wageni wa mikataba na wanafunzi, pamoja na wale wanaosoma muziki chuo kikuu cha Makumira, na watu hao wakihama huuza vyombo. Gitaa jipya lisilo na jina linaweza kung'aa sana, lakini freti zake zikiwa hazijasawazishwa utatumia nusu ya bei yake kwa fundi na bado halitatuni vizuri.

Yupo ambaye simshauri jembamba kabisa. Kama unapiga kambini kwa watalii, jioni, bila umeme, au unafundisha nyumbani, au unatunga nyimbo peke yako usiku, chukua FG800 na ufurahie. Bila spika, gitaa jembamba litazidiwa na sauti yako mwenyewe.

Kwa anayekwenda kulichomeka, usimalize fedha zote kwenye gitaa. Bakiza za seti mbili za nyuzi nyembamba, mkanda, begi lenye sponji na waya mzuri. Kama miksa iko mwisho wa kanisa, waombe wazee wa usharika wanunue DI, kile kisanduku kinachopokea waya mfupi kutoka kwenye gitaa na kutoa wa maikrofoni kwenda mbali bila mivumo. Betri ya akiba ikae begini, na ibada ikiisha chomoa waya kwenye gitaa, kwa sababu magitaa mengi ya namna hii huwasha mtambo wake pale jeki inapoingia, na usipochomoa, wiki nzima linakula betri ukiwa umelala.