Jezi Zilizolala Mkoroshoni

Ukitaja mpira wa Mtwara, watu wanakumbuka Ndanda FC, Wanakuchele, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kuifanya Nangwanda Sijaona iwe na shughuli mpaka waliposhuka mwaka 2020. Nenda Lindi utaambiwa habari za Namungo ya Ruangwa: wamepanda 2019, mwaka uliofuata wako fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Hizo ni timu. Sisi tulikuwa ligi ya mkoa. Ukiwa bingwa wa mkoa unaenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ukitoka huko salama unaingia First League, kisha Championship, na hapo ndipo unaruhusiwa kuota unacheza na Simba. Mwenyekiti wetu hakusubiri ruhusa. Alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya basi.

Mimi nilikuwa mtunza vifaa. Kwa ligi yetu maana yake unafua jezi, unabeba maji, unajaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli, na jina lako linaandikwa kipa wa akiba ili orodha isionekane pungufu. Sijawahi kudaka hata embe.

Halafu kulikuwa na kamati ya ufundi. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba kamati hiyo haina uhusiano na pasi wala kona. Kocha wetu alikuwa na cheti. Kamati ya ufundi ilikuwa na bajeti. Mechi ya Newala ilipokaribia, na korosho zikiwa zimeanza kulipwa kwa hiyo michango inaingia, kamati ikaleta fundi.

Tulitoka Mtwara mjini na Fuso. Wakati ule lami ilikuwa inaishia Mnivata, baada ya hapo ni vumbi tupu, tukashuka Newala wote rangi moja, refa angetukuta hivyo asingeuliza jezi. Tukapewa darasa la kulala. Nimeshaanza kutandika kanga yangu kwenye sakafu, fundi akaniita nje.

"Njomba, jezi hazilali na watu."

"Zilale wapi, mzee?"

Akanionyesha mkorosho nyuma ya shule. Kiroba cha jezi kilitakiwa kining'inie juu, mdomo wake ukielekea mashariki, na yeye mwenyewe akakipaka asali kuanzia juu mpaka chini ili magoli yawe matamu. Alfajiri nikishushe bila tochi, nisikifungue mpaka wachezaji wawe tayari kuvaa, na kuanzia muda huo nisitamke neno hadi jua lizame. Nikitamka, dawa imekufa. Mwenyekiti alikuwa amesimama pembeni, anatikisa kichwa kukubali kila sharti, kwa sababu hakuna hata moja lililomhusu yeye.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia kwenye mikorosho anawajua majimoto. Ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani mabichi kwa nyuzi za watoto wao mpaka yanakuwa nyumba ya duara, inaning'inia kama mpira. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanawasifu sana, maana wanawala mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaonyonya machipukizi. Mkulima anashauriwa asiwaue. Hakuna mshauri aliyewahi kusema uwapakie asali usiku kucha kwenye nguo za watu kumi na mmoja.

Alfajiri Newala kuna baridi na giza zito. Nikapanda, nikakata kamba, nikajitwika kiroba kichwani. Hatua chache tu, wa kwanza akanipata nyuma ya sikio. Majimoto hana mwiba. Anang'ata kwa taya, anakaza, kisha anaimwagia asidi ile sehemu aliyong'ata, na akishakaza hata ukimkata kiwiliwili kichwa kinabaki kazini. Wa pili alikuja kwenye kope. Nikafumba jicho, nikafumba na mdomo, nikaendelea kutembea. Mama mmoja anayechoma vitumbua akanisalimia, "Umeamkaje, baba?" Nikamjibu kwa kuruka. Akafunika karai lake.

Uwanjani hatukupita getini, fundi alikataza, tukaruka uzio wa makuti upande wa goli la kusini huku kamisaa akituangalia na kuandika. Akaniuliza leseni za wachezaji ziko wapi. Zilikuwa ndani ya kiroba. Nikaonyesha kiroba, nikaonyesha mdomo wangu, nikaonyesha jua. Akaandika tena.

Vijana wakavaa haraka haraka kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Kwa dakika moja hivi kila kitu kilikuwa sawa. Majimoto wanahitaji kupashwa joto kidogo.

Timu zikapanga mstari, mgeni rasmi akaanza kupita akisalimia. Alipomfikia nahodha wetu, nahodha akajipiga kifua kofi kali. Mgeni rasmi akadhani ni saluti ya kikwetu, naye akajipiga kifua. Beki wa kulia akajipiga paja. Namba saba akatia mkono ndani ya bukta mbele ya viongozi wa wilaya, akaganda hivyo hivyo, machozi yanamlenga. Kisha akavua jezi.

"Namba saba, vaa jezi," refa akasema.

"Refa, inauma!"

"Jezi inauma?"

"Inauma, mkuu, haki ya Mungu!"

Kadi ya njano, mpira haujatengwa hata katikati. Ila wenyeji walikuwa wameona vya kutosha. Kwao wale hawakuwa watu wanaowashwa, ni watu waliopandisha mashetani. Wakakataa kutupa mikono, na mzee mmoja wa upande wao akakimbia kununua chumvi.

Kipindi cha kwanza sijawahi kuona timu yetu ikikimbia vile. Hakuna aliyeweza kusimama. Kipa wetu alikuwa akigaagaa kwenye boksi lake, na straika wao, badala ya kumsogelea, akapiga shuti la mbali likaishia kwenye migomba. Namba saba akauchukua mpira katikati, akakimbia nao huku anajikuna kwa mkono mmoja na kupiga kelele ambazo sitaziandika. Mabeki wakampisha. Wakampisha kabisa, kama inavyopishwa ambyulansi. Moja bila.

Mapumziko vijana hawakumsikiliza mtu, walimimina madumu yote ya maji ya kunywa juu ya jezi. Majimoto wakafa kwa wingi. Kipa akasema yeye jezi ile haivai tena, hata aletewe na nani. Macho ya benchi zima yakanigeukia.

Ndivyo nilivyoingia golini, jicho moja limevimba, siruhusiwi kusema. Mpira wa kwanza uliokuja ulikuwa wa kawaida tu, beki akaniuliza kama nautokea au auondoe.

"Ita, kipa! Ita!"

Nikamwangalia. Kule kwenye mstari fundi ameweka kidole mdomoni. Mwenyekiti naye ameweka. Beki akaniachia, mimi nikamwachia, straika wao hakumwachia mtu. Mawili yaliyobaki yaliingia kwa mtindo huo huo. Tatu kwa moja.

Kamati ilikutana palepale chini ya Fuso. Fundi hakutetereka. "Niliwaambia kuoga? Mmeiosha dawa wenyewe." Akadai salio lake, akalipwa. Baadaye ikaja faini ya kuruka uzio na nyingine ya vitendo vinavyoashiria ushirikina, na katibu aliyeisoma ripoti ya kamisaa alituapia kwamba mstari mmoja unasema: jezi za wageni ziliuma.

Nilikuwa nakunja kile kiroba, jua bado liko juu, mtunza vifaa wa wenyeji akaninyemelea. Akaangalia huku na huku.

"Njomba, ile ya kipindi cha kwanza. Sisi Jumamosi tuna Masasi. Ule mti ni upi?"

Nikanyoosha kiganja. Akaweka noti ya elfu kumi. Ndipo nikamwonyesha kwa kidole.