Nguzo zimefika, sasa tudai umeme wa njia tatu

Je, nishati ndiyo inayokuza uchumi, au uchumi ukikua ndipo nishati inapotakiwa? Mwaka 1978 watafiti John Kraft na Arthur Kraft walichambua takwimu za Marekani za 1947 hadi 1974, wakaona kuwa pato la taifa ndilo lililovuta matumizi ya nishati. Waliowafuata walipata majibu yanayopingana, kila nchi na lake. Uingereza nayo inatumia umeme mdogo kuliko mwaka 2005, na uchumi wake umeendelea kukua. Mfano huo wa mwisho hautufai: wenzetu walishajenga viwanda, na bidhaa nyingi wanazotumia hutengenezwa kwa nishati ya nchi nyingine.

Hoja ya kwamba pato hutangulia ina uzito hata huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Kaya ya kijijini huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, lakini taa tatu na chaji ya simu haziongezi gunia shambani. Pasipo mtaji, barabara na soko, nguzo hubaki nguzo.

Lakini nenda Ubaruku au Igurusi, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu mkoani Mbeya, wakati wa mavuno. Mpunga upo, wanunuzi wapo, mashine za kukoboa zipo. Mashine hizo zinataka umeme wa njia tatu, yaani ule wa nyaya tatu za moto unaoendesha mota kubwa, tena wenye nguvu ileile asubuhi na jioni. Umeme ukishuka, mota inanguruma bila kushika kasi, inapata moto, na koili ikiungua hakuna namna ila kuifungua ikasukwe upya. Siku hizo zote magunia yamepangwa nje na mkulima analala hapohapo kulinda mali yake. Mwenye ada ya shule mlangoni hasubiri. Anauza mpunga kwa dalali bila kukoboa, na faida ya mchele pamoja na pumba inapanda lori. Hapa pato halijachelewa. Umeme ndio uliochelewa, na hasara anaibeba aliyelima.

Tusipime kwa umeme peke yake, vilevile. Viwanda vya chai vya Mufindi hukausha majani kwa joto la kuni, kwa hiyo mikaratusi nayo ni nishati ya uchumi wetu.

Kuna na suala la maji. Yanayomwagilia mpunga wa Usangu ndiyo ambayo yangeteremka na mto Ruaha Mkuu hadi mitambo ya umeme wa maji ya Mtera, megawati 80, na Kidatu, megawati 204. Tangu miaka ya 1990 mto huo hukatika kiangazi, na kila mgao ulipouma, lawama ilimrudia mkulima wa Usangu. Leo Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo uhaba wa uzalishaji hauwezi tena kuwa jibu la kila swali.

Kwa maoni yangu, miradi ya vijijini isipimwe kwa idadi ya nyumba zilizowashwa tu. Kila taarifa itaje pia mashine ngapi zimeunganishwa kwa njia tatu, na zilisimama saa ngapi msimu wa mavuno kwa kukosa umeme.